Antena au kebo: pima mwenyewe picha ya HD sebuleni kwako

Ndugu zetu wengi wakifika huku Dallas hulipia kebo kabla hata hawajanunua meza ya kulia chakula. Nawaelewa. Kwa mtu aliyekulia Dar, Mombasa au Bukavu, neno antena linamkumbusha ule mti mrefu nyuma ya nyumba: mmoja yuko juu anazungusha, mwingine yuko dirishani anapaza sauti, "Hapo hapo! Usiguse tena!", na mpira bado una chenga. Basi wakisikia kwamba vituo vinne vikubwa vya hapa, NBC, CBS, ABC na Fox, vinapatikana bure hewani, wanadhani ni bure ya kubahatisha.

Nimepima picha za antena na kebo kwangu na kwa majirani kwa miaka kadhaa. Swali la ipi bora halina jibu moja la mji mzima. Jibu lake ni la chaneli moja moja, kwenye televisheni moja, na unaweza kulipata mwenyewe kwa Jumamosi moja. Kinachowapoteza watu ni kulinganisha vitu viwili visivyo sawa. Hapa chini naeleza namna ya kuvisawazisha kwanza, ndipo macho yaamue.

Kabla ya yote: ujue kinachogawanywa

Kituo cha televisheni hapa Marekani kina kipande cha masafa chenye upana wa megahezi 6. Kwa mfumo wa matangazo ya dijitali uitwao ATSC, ambao mamlaka ya mawasiliano ya nchi hii, FCC, iliupitisha Desemba 1996, kipande hicho hubeba megabiti 19.39 kwa sekunde, basi. Ukipekua kwa rimoti utaona kituo kimoja kina nukta moja, nukta mbili, nukta tatu, hata nukta sita, kama 8.1, 8.2 na kuendelea. Zote hizo zinakula kwenye sinia moja. Ile chaneli ya filamu za zamani inayoonyesha usiku kucha kwenye nukta tatu inamega tonge ambalo lingekwenda kwenye mpira wa nukta moja. Ndiyo maana vituo viwili vyenye nguvu sawa vinaweza kukupa picha tofauti kabisa: kimoja kinalisha wawili, kingine kinalisha sita.

Kebo nayo inatumia vipande vya megahezi 6, ila mawimbi ndani ya waya hayasumbuliwi kama yale ya hewani, hivyo kila kipande hubeba takriban megabiti 38.8. Sinia ni kubwa maradufu, lakini wageni nao ni wengi. Kampuni inataka kupitisha mamia ya chaneli pamoja na intaneti kwenye waya huo huo, kwa hiyo inazibana, yaani inapunguza data ya kila moja. Kituo kimeshaibana picha kwa MPEG-2, mfumo wa zamani wa kubana. Mara nyingi kampuni huifungua na kuibana upya kwa MPEG-4, mfumo mpya zaidi unaohitaji kama nusu ya data kwa ubora unaokaribiana. Nyingine huigeuza na picha ya 1080i, yenye mistari 1080, kuwa 720p, yenye mistari 720. Hiyo ni fotokopi ya fotokopi. Mashine ya pili hata ikiwa bora kuliko ya kwanza, hairudishi kilichofutika kwenye nakala ya kwanza.

Ila usikimbilie hukumu. Wakati mwingine kampuni ya kebo hupokea picha ya kituo kwa faiba, moja kwa moja, kabla haijabanwa kwa ajili ya hewani. Hapo kebo inaweza kuishinda antena, na nimewahi kuiona ikishinda.

Hatua ya 1: Antena ishike barabara

Sahau chenga. Chenga zilikuwa za analojia, na vituo vikubwa vya Marekani vilizima analojia tarehe 12 Juni 2009, kama Dar es Salaam ilivyoanza kuzima mwishoni mwa 2012. Dijitali ina tabia nyingine: data ikifika, picha ni kamili, isipofika, picha inapasuka vigae, inaganda, kisha inazima. Katikati hapana kitu. Kwa hiyo mtu akikuuzia antena ya bei kubwa kwa maelezo kwamba itaongeza ung'avu wa picha, hajui anachouza. Antena nzuri inazuia kukatika, haiongezi uzuri. Busta vivyo hivyo, na ukiwa karibu na mnara busta inaweza hata kuharibu kwa kuzidisha mawimbi.

Tafuta mnara uko upande gani. Hapa kwetu kazi ni rahisi, kwa sababu minara karibu yote mikubwa iko Cedar Hill, kusini-magharibi mwa jiji. Anayekaa Irving aelekeze antena kusini, wa Arlington kusini-mashariki, wa Plano kusini kwa kuegemea magharibi kidogo. Kwa miji mingine, ingiza anwani yako kwenye tovuti ya RabbitEars. Itakupa upande, umbali, masafa halisi na idadi ya chaneli zilizomo ndani ya kila kituo. Hiyo idadi iandike, utaihitaji baadaye.

Namba unayoiona kwenye kioo mara nyingi si ya masafa halisi, na hapo wengi hukwama. Vituo vingi viko UHF, masafa ya juu yenye mawimbi mafupi, ambako nusu ya urefu wa wimbi ni kama sentimita 28, ndiyo maana zile antena bapa za kubandika dirishani zinatosha. Lakini WFAA ya hapa Dallas, kituo cha ABC, iko VHF, masafa ya chini yenye mawimbi marefu, kwenye chaneli halisi ya 8. Nusu ya wimbi lake ni kama sentimita 82. Antena bapa ndogo inahangaika nayo, na mtu anahitimisha kwamba "ABC haishiki hewani". Tafuta antena yenye masikio mawili ya kuvuta, kila sikio ulifikishe kama sentimita 40, ulitandaze, halafu uchanganue chaneli upya.

Fungua kipimo cha mawimbi kwenye menyu ya televisheni. Kama kinaonyesha desibeli za ubora, picha huanza kukatika zikishuka karibu na 15. Jitahidi uwe na akiba ya kutosha juu ya hapo. Ukiwa umepanga apatimenti, una haki ya kuweka antena kwenye baraza yako mwenyewe chini ya kanuni ya FCC, hata mwenye nyumba akinuna. Ukiiweka juu ya paa, ifungie waya wa ardhini. Radi za Texas si za kuchezea. Na usiunganishe kamwe waya wa antena kwenye tundu la kebo ukutani ukidhani unachanganya huduma mbili: utavuruga mtandao wa majirani, na kipimo chako hakitakuwa na maana.

Hatua ya 2: Kebo nayo ipewe haki yake

Niliingia nyumba moja ya mama anayetoka Goma. Alishakata tamaa na kebo, picha ilikuwa kama imefunikwa kwa chandarua. Nikatazama namba: alikuwa kwenye chaneli za kawaida, si za HD. Kampuni nyingi bado huweka chaneli ile ile mara mbili, ya kawaida kwenye namba ndogo na ya HD kwenye namba kubwa ya mamia au ya maelfu. Tukahamia namba kubwa. Akaniambia, "Mwanangu, mwaka mzima nimelipia kitu nisichokitazama." Anza hapo.

Kisha tazama nyuma ya king'amuzi. Kinachotakiwa ni waya wa HDMI tu. Ukikuta waya mwembamba wa antena unaotoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye TV, au zile pini nyekundu, nyeupe na njano, hupati HD hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Ingia kwenye mipangilio ya picha ya king'amuzi. Kama kuna chaguo la kuitoa picha kama ilivyokuja, lichague, TV yako ifanye kazi ya kuikuza. Kama halipo, chagua kulingana na chaneli unayopima. ABC na Fox hurusha 720p, yaani picha kamili 60 kila sekunde. CBS na NBC hurusha 1080i, yenye mistari mingi zaidi ila huletwa nusu kwa nusu, kwa zamu. Ukikilazimisha king'amuzi kutoa 1080i wakati unatazama Fox, umeondoa ule ulaini wa mwendo ambao 720p inasifika nao, kisha utailaumu kebo kwa kosa la mpangilio.

Huenda ukajiuliza kwa nini usichomeke waya wa kebo moja kwa moja kwenye TV. Zamani iliwezekana kwa chaneli za msingi. Oktoba 2012 FCC iliziruhusu kampuni kuzifunga kwa msimbo hata hizo, na sasa bila king'amuzi mara nyingi hupati kitu.

Hatua ya 3: Sawazisha televisheni

Ukiruka hatua hii, hizo nyingine zote ni bure. Televisheni nyingi huhifadhi mipangilio ya picha kwa kila mlango peke yake. Antena ina yake, HDMI 1 ina yake, HDMI 2 ina yake. Mwaka wangu wa kwanza wa kupima niliwaambia watu wanne kwamba antena inaishinda kebo kwa mbali. Niliporudia nikakuta mlango wa antena uko kwenye mpangilio wa filamu na mlango wa HDMI uko kwenye ule mkali wa dukani, wenye rangi za kuchoma macho. Sikuwa nimelinganisha antena na kebo. Nilikuwa nimelinganisha mipangilio miwili. Niliwapigia simu wote wanne nikawaeleza.

Fanya hivi kwenye milango yote miwili, kalamu mkononi. Chagua mpangilio mmoja, ule unaoitwa "Movie", "Cinema" au "Filmmaker Mode". Zima kila kinachojifanya kusafisha picha: kupunguza chembe, kupunguza kasoro za MPEG, na kulainisha mwendo, ambako LG wanakuita TruMotion, Sony Motionflow na Samsung Auto Motion Plus. Hivyo vyote vinaficha makosa unayotaka kuyaona. Zima pia kipima mwanga kinachobadilisha ung'avu chumba kikiwa giza. Ukali wa kingo upunguze mpaka ule ukingo mweupe unaozunguka herufi upotee. Mwanga, kontrasti na rangi ziwe na namba zile zile pande zote mbili.

Bado kuna mtego mmoja. Televisheni nyingi huivuta picha kidogo na kukata kingo, hasa kwenye mlango wa antena, na picha iliyovutwa inapoteza ukali. Tafuta ukubwa wa picha usiokata: kwenye LG ni "Just Scan", kwenye Samsung ni "Fit to Screen" au "Screen Fit". Utajua umefaulu ukiona yale maandishi yanayopita chini kwenye habari yamekaa mahali pale pale kwenye milango yote miwili.

Hatua ya 4: Sogeza kiti

Kwa TV ya inchi 55, kioo kina kimo cha kama sentimita 68. Jicho zima linaanza kuona faida yote ya 1080 likiwa umbali wa takriban mara tatu ya kimo hicho, yaani mita 2 hivi. Ukikaa mita 4, 1080i na 720p zitakufanania, na hakuna ubaya: kama hapo ndipo kochi lako lilipo na halihami, basi pima ukiwa hapo. Unapima kwa ajili ya maisha yako, si kwa ajili ya mtu mwingine.

Hatua ya 5: Chagua kinachoitesa picha

Pima chaneli ile ile, kipindi kile kile, dakika ile ile. ESPN ya kebo dhidi ya NBC ya antena si kipimo.

Mtangazaji aliyeketi mezani hafai, kwa sababu hata data kidogo inatosha kumchora. Tafuta vitu vinavyobadilika vyote kwa pamoja: nyasi kamera inapokimbia, maji, mashabiki wamesimama wanapunga mikono, kamera za wapiga picha zinapomulika, vikaratasi vinavyorushwa wakati wa kukabidhi kombe. Kwa watu wetu kipimo kizuri kuliko vyote ni ligi ya Uingereza. NBC kwa kawaida huonyesha hewani mechi ya Jumamosi saa sita na nusu mchana kwa saa za New York, ambayo kwetu Dallas ni saa tano na nusu asubuhi, na mechi hiyo hiyo inapita kwenye kebo.

Tazama nyasi. Kamera ikitulia, utaona alama za mashine ya kukatia, hata vishada vidogo. Kipa akipiga mpira mrefu na kamera ikakimbia, picha yenye njaa ya data inageuza uwanja kuwa zulia la kijani lililopakwa kwa brashi. Kamera ikisimama, nyasi zinarudi baada ya kitambo. Picha iliyoshiba inabaki na nyasi zake. Halafu tazama ubao wa matokeo pembeni: herufi zinapozungukwa na vijichembe vinavyorukaruka kama kumbikumbi kwenye taa, hapo ndipo ubanaji unapojionyesha. Angalia pia anga nyuma ya majukwaa, je, rangi inashuka taratibu au kwa ngazi? Mwisho tazama nyuso za mashabiki wa mbali. Hao ndio wa kwanza kupoteza macho na pua.

Nyasi zikipoteza umbo kwenye milango yote miwili kwa wakati ule ule wa mchezo, kosa limeanzia mbali, kwenye kituo au hata kwenye kamera. Hilo wala antena wala kebo haihusiki.

Hatua ya 6: Mtu asiyejua aamue

Kuna zawadi ndogo kwenye jambo hili. Kebo huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya antena. Kwa hiyo ukitazama shambulizi kwenye antena kisha ukahamia HDMI haraka, utaliona lile lile likijirudia. Tumia ucheleweshaji huo: tukio moja, mara mbili, jicho bado lina kumbukumbu.

Lakini wewe unayejua ipi ni ipi, macho yako yana upande. Mwite mtu mwingine. Mimi humkalisha shemeji yangu kwenye kochi, nashika rimoti nyuma yake, naficha ile alama ya mlango inayojitokeza kwenye kioo kwa kipande cha karatasi, na nabadilisha bila mpangilio mara kumi, nikisema "ya kwanza" na "ya pili" tu. Mara zote huanzia pale tukio linapoanza, ili kuchelewa kusimfichulie siri. Wala sijamweleza habari za megabiti. Siku moja akasema, "Shemeji, hii ya pili nyuso zao kama zimepakwa nta." Nikaandika. Akichagua ile ile mara nane au tisa kati ya kumi, tofauti ipo kweli. Ikiwa tano kwa tano, kwa nyumba yenu hakuna tofauti, na hilo nalo ni jibu linaloweza kukuokolea pesa.

Rudia kwa vituo vyote vinne vikubwa. Andika jina la kituo, idadi ya chaneli zinazogawana sinia yake, na nani kashinda. Mara nyingi utaona mpangilio: kituo chenye wageni wachache hewani kinaishinda kebo, kile kilichosongamana kinatoka sare au kinashindwa.

Sauti sipotezi muda nayo. Pande zote mbili kwa kawaida ni Dolby Digital, na tofauti utakayoisikia mara nyingi ni ya kiwango cha sauti tu. Ziweke sawa, endelea.

Hatua ya 7: Kwa anayetaka namba

Picha za antena hapa Marekani kwa kawaida hazijafungwa, hivyo unaweza kuzirekodi kama zilivyokuja. Kifaa kama HDHomeRun huchomekwa kwenye antena na kwenye ruta, kisha kompyuta ikahifadhi faili. Rekodi saa moja, tazama faili ina gigabaiti ngapi, zidisha kwa 2.2. Faili ya gigabaiti 5.4 ni kama megabiti 12 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Programu ya bure ya MediaInfo itakuonyesha zaidi: 1080i au 720p, na data ya picha peke yake.

Kwa upande wa kebo namba hizo hazipatikani kirahisi kwa sababu ya kufungwa. Hata ukizipata, usizilinganishe kichwa kichwa. Megabiti 8 za MPEG-4 zinaweza kusimama ubavu kwa ubavu na 15 za MPEG-2. Namba inakueleza kwa nini shemeji aliona alichoona, haichukui nafasi ya macho yake.

Matokeo yakibadilika ghafla

Picha ya kituo inaweza kushuka bila wewe kugusa kitu. Mnada wa masafa uliofungwa 2017 uliviondoa vituo kwenye chaneli halisi zilizo juu ya 36, uhamisho ukaendelea hadi 2020, na baadhi ya vituo vikaanza kugawana mnara na masafa. Novemba 2017 FCC iliruhusu pia mfumo mpya wa ATSC 3.0, unaobana vizuri zaidi kwa HEVC, mfumo mpya kuliko MPEG-4, lakini unahitaji TV au kifaa chenye kipokezi chake, na baadhi ya vituo huufunga. Kituo kinapouhamia, picha yake ya kawaida mara nyingi hupewa hifadhi kwenye masafa ya kituo jirani. Mgeni mwingine kwenye sinia. Ukiona nyasi zimeanza kuyeyuka, changanua chaneli upya, tazama RabbitEars, hesabu tena waliokaa.

Na kama matokeo yanakushawishi uiache kebo, usikate siku hiyo hiyo. Iache antena ifanye kazi wiki mbili, ipitie mvua moja kubwa na usiku mmoja wa upepo. Orodhesha unavyovitazama ambavyo havipo hewani kabisa, kama ESPN na USA Network, maana USA ndiyo inayobeba mechi nyingine za Uingereza. Tazama bili yako, tafuta mstari unaoitwa "Broadcast TV Fee": hicho ndicho unachotozwa kwa ajili ya vituo vile vile ulivyovipima kwa antena. Ukishaamua, king'amuzi kipeleke mwenyewe dukani kwao pamoja na rimoti na waya wake wa umeme, piga picha namba iliyo chini yake, na usitoke bila risiti.